Dukani Unanunua Macho Tu: Kazi Inayofanya Wavu wa Ziwa Victoria Uwe Wavu

Mabishano mengi ya uvuvi haramu huku Kanda ya Ziwa huanzia kwenye inchi na kuishia kwenye inchi. Wavu wa inchi ngapi? Ofisa anatoa rula, mvuvi anavuta jicho, yaani tundu la wavu, BMU (kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufuko) wanashuhudia, na hukumu inatoka palepale mwaloni, mitumbwi inapoegeshwa. Inchi ni muhimu, sibishi. Lakini kaa na washonaji nyavu wa Igombe au Kayenze, mialo ya Mwanza, utaona kwamba jicho ni mwanzo tu wa hesabu. Nyavu mbili za inchi 6, zilizotoka kiwanda kimoja na uzi mmoja, zikishonwa na mikono miwili tofauti huwa nyavu mbili tofauti. Moja inaleta sangara, nyingine inaleta gogogo, samaki wa miiba, na matusi.

Kwa msomaji wa Pwani: jarife lako, wavu wa kutega unaonasa samaki kwenye macho yake, sisi tunaliita makila, na juya lako, wavu wa kuvuta hadi ufukoni, ndilo kokoro letu. Mengine tutaelewana njiani.

Kutoka kipande hadi wavu

Makila huuzwa kwa vipande. Kipande cha kawaida, kikinyooshwa mpaka macho yafumbe, kina urefu wa yadi 100, yaani mita 91 na ushee, na kimo cha macho 26. Hayo macho 26 hayakuja kwa bahati. Kanuni za uvuvi za Tanzania za mwaka 2009 zilikataza kuunga makila kwa kwenda chini yakazidi macho 26 ndani ya Ziwa Victoria, kwa sababu ukuta wa vipande viwili au vitatu vilivyopachikwa juu kwa juu hauachi samaki pa kupitia. Kwa jicho la inchi 6, ambalo ni sentimita 15.24, kipande kinakuwa na macho 600 kwa urefu.

Kabla hujalipa, pima. Usipime jicho moja, maana fundo moja lililolegea linakudanganya. Nyoosha macho kumi mfululizo, soma urefu wote, gawa kwa kumi. Macho kumi ya inchi 6 yanatakiwa yafike mita moja na sentimita 52. Yakiishia mita moja na 40, umeuziwa inchi 5 na nusu kwa bei ya inchi 6, na siku ya ukaguzi atakayejibu ni wewe, muuzaji hatakuwepo.

Unene wa uzi hutajwa kwa plai. Plai ndogo ni laini, samaki hagutuki anapougusa, kwa hiyo inakamata vizuri. Ila sangara mkubwa anaikata, na mwamba unaimaliza. Plai kubwa inadumu lakini inavua kidogo. Anayetega karibu na mawe, na huku Mwanza mawe tunayoyaona juu ya maji ni sehemu ndogo tu ya yaliyoko chini, anachagua uzi mnene na kukubali hasara ya upande wa pili.

Kipande hicho bado si wavu. Hakina kamba, hakina boya, hakina uzito. Ukikitupa majini kitajiviringisha na kuzama. Kazi ya kukishona kwenye kamba ndiyo inayoamua macho yafunguke kiasi gani. Kipimo kilichozoeleka kwa sangara na sato ni nusu: mita 91 za kipande zinakaa kwenye kamba ya mita 46 hivi. Unashona macho mawili mawili. Kwa wavu wa inchi 6, kila fundo linakaa inchi 6 kutoka lililotangulia, maana macho mawili ambayo yangenyooka yangekuwa inchi 12 yamepewa inchi 6 za kamba. Kipande kizima kinachukua mafundo 300 kwenye kamba ya juu na mengine 300 kwenye kamba ya chini. Mshonaji mzoefu hashiki rula. Amejichongea kijiti cha inchi 6, anakilaza kwenye kamba, anafunga, anakisogeza. Kijiti kikipotea, kazi inasimama mpaka kipatikane kingine, kwa sababu kukadiria kwa macho ndiko kunakozaa wavu uliobana huku na kulegea kule.

Ukishona kwa nusu, jicho linasimama likiwa refu kuliko upana wake, na kimo cha wavu majini kinakuwa mita 3.4 hivi. Hapo ndipo sangara anapoingiza kichwa, anapita mpaka kwenye matamvua, na akijaribu kurudi uzi unashika.

Sasa angalia makosa mawili yanayofanyika kila siku.

La kwanza ni la mwenye mtaji mdogo. Anataka wavu mrefu kwa vipande vichache, kwa hiyo anavuta kipande mpaka kijaze kamba ya mita 64. Kwa hesabu ya mdomoni amepata mita 18 za bure. Majini kimo kimeshuka mpaka mita 2.8, jicho limekuwa mraba, na wavu wote umekaza kama ngozi ya ngoma. Samaki akiugonga anarudi nyuma. Anayeingia vizuri anashikwa, lakini anayeugusa ubavuni hana kinachomzonga.

La pili ni kinyume chake, na hufanywa kwa makusudi. Kipande kinarundikwa kwenye kamba ya mita 30 tu, theluthi ya urefu wake. Kimo kinapanda hadi mita 3.7 na wavu unakuwa na ulegevu mwingi. Wavu wa namna hii haumsubiri samaki aingize kichwa. Unamzonga kwa meno, kwa mapezi, kwa mwiba, kwa chochote kilichochomoza. Kwa hiyo wavu ambao rula inasema ni inchi 6 unakamata samaki ambao jicho la inchi 6 lilikusudiwa kuwaachia. Ofisa amepima, ameridhika, ameondoka. Mimi nasema ukaguzi wa jicho bila kuangalia ushonaji ni nusu ya ukaguzi, na wavuvi wenyewe wanalijua hilo vizuri kuliko wanavyokiri.

Adhabu ya ulegevu huo inakuja asubuhi, na jina lake ni gogogo. Samaki huyu ana miiba mitatu, mmoja mgongoni na miwili ubavuni, na anapotishwa huisimamisha na kuifunga isikunjike. Ndani ya wavu uliolegea anajizungusha mpaka anakuwa donge. Kumtoa bila kukata macho kunataka uvumilivu, na saa kumi na moja alfajiri, na mawimbi yanapiga, watu wengi hawana uvumilivu. Wanavunja miiba kwa koleo, au wanakata wavu.

Maboya na vizito vinafuata. Boya la dukani lipo, lakini mialo mingi bado inatumia soli za kandambili zilizokatwa, zikatobolewa katikati na kupitishwa kwenye kamba ya juu. Zinafanya kazi. Ubaya wake ni kwamba soli ikikaa kwenye kina kirefu hubonyea na kupoteza nguvu ya kuelea, kwa hiyo wavu ulioelea vizuri mwezi Machi unalala kufikia Agosti bila mtu kuelewa kwa nini. Vizito huwa ni risasi au mawe madogo yanayofungwa kwenye kamba ya chini. Jiwe lifungwe kwa uzi dhaifu kuliko uzi wa wavu wenyewe: likinasa kwenye mwamba, liache likatike jiwe, wavu ubaki. Ukilifunga kwa uzi imara, unayemfanyia kazi ni mwamba.

Uwiano wa boya na kizito haupatikani kwa kukisia. Shusha mita kumi za wavu kwenye maji ya kifua karibu na ufuko, uangalie. Kwa wavu wa kulala chini, kamba ya chini itulie bila kujizika kwenye tope na kamba ya juu isimame. Kwa wavu wa kuelea, kamba ya juu ibaki karibu na uso wa maji na ile ya chini ivute kiasi cha kunyoosha macho tu. Vizito vikizidi kwenye wavu wa kuelea, maboya yanazama katikati na wavu unakuwa na tumbo. Samaki anapita juu yake.

Kutega

Vipande huungwa kichwa kwa kichwa. Mtumbwi wa injini wenye vipande 60 unamwaga ukuta wa karibu kilomita 2.8. Kazi hiyo inataka watu watatu au wanne: mmoja kwenye injini au kafi, mmoja anatupa upande wa maboya, mmoja upande wa vizito, na wa nne, akiwepo, anatanzua. Wanaotupa wasimame mbali kidogo, la sivyo kamba mbili zinasukana kabla hazijafika majini, na wavu uliosukwa ni kamba nene tu. Mtumbwi unakwenda ukikata upepo kwa ubavu, ili upepo uusukume mbali na wavu. Upepo ukiusukuma mtumbwi kuelekea kwenye wavu, pangaboi la injini litamaliza kilichobaki.

Kutega huanza kwenye saa kumi au kumi na moja jioni, na kutegua huanza alfajiri. Kila mwisho wa wavu unawekwa dumu la lita 20 na jiwe la nanga, na usiku taa juu ya dumu. Taa ni ya kuwazuia wengine wasipite na injini juu ya wavu wako, lakini pia inamwonyesha mwizi ulipo. Wizi wa nyavu ni tatizo sugu la ziwa hili, ndiyo maana wavuvi wengi wa makila hawarudi nyumbani: wanajifunga kwenye mwisho wa wavu na kulala ndani ya mtumbwi. Dhoruba ya saa nane usiku inawakuta hapo hapo. Anayeuliza kwa nini wavuvi wanazama hata wakiwa hawasafiri, jibu mojawapo ni hilo.

Kutegua huanzia mwisho ulio chini ya upepo, mtumbwi ukivutwa kwa wavu wenyewe kuelekea upepo unakotoka. Ukianzia upande wa pili, upepo unaukimbiza mtumbwi juu ya wavu ambao hujauinua.

Mahali pa kutega ni elimu nyingine. Sato anatafutwa kwenye maji ya kina kifupi, ukingoni mwa matete na kwenye mawe, mara nyingi kwa jicho la inchi 5, wavu ukilala chini. Sangara anafuatwa mbali zaidi, kwenye mikondo kati ya visiwa, na jicho ni inchi 6, 7 na kuendelea. Sheria haimruhusu sangara aliye chini ya sentimita 50. Bei ya mabondo, yaani vibofu vya hewa vya samaki, imewafanya watu wapende macho makubwa bila kuhimizwa na mtu, kwa sababu bondo la sangara mkubwa linaweza kulipa kuliko nyama yake.

Kuna jambo moja ambalo mgeni hulikosea. Ziwa hili lina kina cha mita 80 hivi kwenye sehemu yake yenye kina kirefu kabisa, lakini si kina chote kina hewa ya samaki mwaka mzima. Kuanzia kama Septemba au Oktoba hadi Mei, maji ya juu yanapata joto na kukaa juu ya maji baridi ya chini bila kuchanganyika, na yale ya chini yanaishiwa oksijeni. Upepo wa kusini wa Juni hadi Agosti ndio unaoyakoroga. Kwa hiyo anayelaza makila chini kabisa kwenye kina cha mita 50 mwezi Februari anaweza kutegua wavu mtupu usiku baada ya usiku, wakati jirani yake aliyeelea juu anajaza. Wavu ukitoka na tope jeusi linalonuka kama yai viza, ujumbe ni huo: pandisha. Mwezi Julai mambo yanageuka, chini kunafaa, ila upepo nao ndio huo unaozamisha mitumbwi.

Na usiache wavu ulale siku mbili kwa sababu mafuta yamekwisha. Maji ya juu yana joto la nyuzi 24 hadi 28. Sangara aliyekufa saa tatu usiku, kufikia asubuhi nyama yake imeanza kulegea, na boti la barafu linalokusanya kwa ajili ya viwanda vya minofu vya Mwanza halimchukui. Anaishia kukaushwa kwa moshi au kutiwa chumvi, kwa bei ya chini. Barafu nayo iwe kilo kwa kilo na samaki. Kuibana barafu ni kupoteza samaki.

Adui mwingine ni magugumaji. Upepo ukigeuka, kisiwa cha magugu kinapita juu ya wavu wa kuelea na kuondoka nao. Ukiona magugu yamejaa ghubani jioni, jiulize upepo wa usiku utayapeleka wapi kabla hujamwaga vipande vyako.

Viraka

Wavu uliotobolewa hautupwi. Kata macho yaliyochanika mpaka ubaki na ukingo safi, uache fundo moja la kuanzia lenye miguu mitatu, yaani nyuzi tatu zinazotoka humo, na jingine la kumalizia lenye miguu mitatu. Mengine yote katikati yawe na miguu miwili. Ukianza popote tu, utafika mwisho ukiwa na jicho lisilo na mwenzake. Kijiti cha kiraka kiwe na upana wa nusu ya jicho, inchi 3 kwa wavu wa inchi 6, kwa sababu jicho lililonyooshwa ni pande mbili za uzi. Kiraka chenye macho madogo kuliko wavu huvuta na kukunja sehemu yote inayokizunguka, na ofisa akija atapima hapo hapo.

Nailoni haiozi kama zile nyuzi za kitani na pamba walizotumia wazee, na tangu ilipoingia ziwani miaka ya 1950 wavuvi walisahau kabisa habari ya kuanika nyavu kila siku. Lakini jua linaila. Wavu unaokaa juu ya mwamba mchana kutwa kwa wiki kadhaa unaanza kukatika kwa mkono. Suuza ute, tundika kivulini.

Zile zisizotakiwa

Timba ni makila ya uzi mmoja mwembamba unaong'aa, haionekani majini, na inakamata kuliko makila ya kawaida. Imepigwa marufuku, na mimi naunga mkono, kwa sababu moja kubwa: inakatika haraka, vipande vinabaki ziwani, na vinaendelea kuua bila mtu wa kutegua.

Kokoro ni habari ndefu zaidi kwa sababu ni ya kijamii. Wavu wenye mikono miwili mirefu na mfuko katikati unapelekwa na mtumbwi ukizunguka nusu duara, mwisho mmoja wa kamba ukiwa umebaki nchi kavu. Kisha watu kumi au zaidi, wamegawanyika makundi mawili, wanavuta kuelekea ufukoni huku makundi yakikaribiana. Kabla ya nyuzi za dukani, watu wa mwambao huu walivuta makokoro ya mafunjo yaliyosukwa, mazito na mafupi, yasiyoweza kufika mbali. Kokoro la nailoni linafika. Na linapita palepale ambapo sato dume amechimba kiota mchangani na jike anatamia mayai mdomoni. Sato jike akibanwa ndani ya mfuko anatema mayai na vifaranga vyake. Hata ukimrudisha majini akiwa hai, uzazi wake umekwisha. Hiyo ndiyo sababu ya marufuku, si ukubwa wa macho peke yake.

Ila tusiwe wepesi wa kulaumu. Kokoro linachukua vijana kumi wasio na mtumbwi wala injini na kuwapa kitoweo cha jioni. Operesheni Sangara ya mwaka 2018, msako wa serikali dhidi ya uvuvi haramu, ilichoma nyavu nyingi, na ilifaa ichome, lakini kuchoma hakumpi mvutaji kamba kazi nyingine. Mwenye kokoro ana mtaji. Anaweza kuhamia kwenye dagaa. Mvutaji hana.

Dagaa: taa, mwezi na mikono ya wanawake

Dagaa wa ziwa hili mchana hukaa chini, usiku hupanda juu. Uvuvi wake wote umejengwa juu ya tabia hiyo moja, na kwa hiyo kalenda yake ni mwezi. Mwezi ukiwa mpevu, mwanga umetapakaa ziwa zima na taa ya mvuvi haina maana. Kambi inapumzika siku kama kumi, mitumbwi inazibwa, nyavu zinashonwa. Wanaojua kuhesabu hawasubiri giza kamili. Siku chache baada ya mwezi mpevu, mwezi unachelewa kutoka, kila siku kwa dakika 50 hivi. Unaweza kufanya mvuo mmoja au miwili mapema jioni kabla haujachomoza. Mwezi unapokua ni kinyume: unazama mapema, na kazi inaanza baada ya hapo.

Mtumbwi wa dagaa hubeba watu wanne au watano na taa kadhaa. Karabai ndiyo iliyotawala kwa miongo mingi: mafuta ya taa yanasukumwa kwa pampu, yanageuka mvuke, yanawaka ndani ya kisoksi cheupe. Udhaifu wake ni kisoksi hicho, ambacho tone moja la maji linakivunja, na tundu la mafuta ambalo uchafu wa mafuta mabovu unaliziba. Sasa taa za betri zinazochajiwa kwa sola zimeenea, na hesabu yake ni nzuri: unalipa mara moja badala ya kununua mafuta kila usiku. Shida yake ni siku ya mawingu. Betri iliyochajiwa nusu inafifia saa nane usiku, dagaa waliokwisha kukusanyika wanatawanyika, na huna pampu ya kuokoa hali.

Taa zinawekwa juu ya vyelezo, zinaachwa kwa nafasi, kila moja na nanga yake. Watu wanasubiri saa moja au zaidi. Kisha taa ya kwanza inaendewa, na hapo ndipo penye ustadi. Inavutwa polepole kuelekea wavu ulipo. Ukiivuta kwa pupa, kundi linabaki nyuma gizani. Wavu unazungushwa kuizunguka taa, kamba ya chini inavutwa ifumbe, na ndipo taa inatolewa. Ukitoa taa kabla chini hapajafumba, dagaa wanazama kupitia pale pale palipo wazi. Kelele za kafi kwenye ubao wa mtumbwi nazo zinawashusha. Baada ya taa ya kwanza inaendewa ya pili, na ya tatu, mpaka kukaribia kupambazuka.

Macho ya wavu wa dagaa yasipungue milimita 8. Wenye nyavu zenye macho madogo zaidi wanajitetea kwamba dagaa ni mdogo kwa asili, na ni kweli ni mara chache afike sentimita 9. Lakini wavu wa namna hiyo karibu na ufuko unakusanya vifaranga vya sangara, furu, na dagaa wasio na uzito wowote juani. Anayevua mbali na nchi kavu anapata mzigo safi zaidi, na wanunuzi wanautambua kwa kuutazama tu.

Mgawanyo wa mapato hutofautiana kambi kwa kambi, ila umbo lake linafanana: tajiri, ambaye mara nyingi anaishi Mwanza au Nansio, anatoa chombo, wavu na injini, gharama za mafuta na chakula zinaondolewa kwanza, kinachobaki kinagawanywa kati ya tajiri na wavuvi, na nahodha ana nyongeza yake. Ugomvi hauko kwenye mgao, uko kwenye gharama. Daftari la gharama likikaa kwa tajiri peke yake, wavuvi watauza nusu ya mzigo njiani. Kambi za visiwa vya Gozba, Irugwa au Kome zina Wakerewe, Wajita, Wakara, Wazinza, Wasukuma na Wajaluo pamoja, wanaohama wakifuata samaki, na katika mchanganyiko huo daftari lililo wazi linafanya kazi kuliko undugu.

Mtumbwi ukigusa mchanga, dagaa wanabadilisha mikono. Wanawake wananunua kwa ndoo na kuanika. Samaki mbichi ni maji kwa karibu robo tatu ya uzito, hivyo kilo tatu na zaidi za mbichi zinatoa kilo moja kavu. Anayenunua bila hesabu hiyo kichwani hujikuta anamfanyia mvuvi kazi bure. Kwenye chanja iliyoinuliwa kama mita moja, dagaa waliotandazwa mmoja mmoja na kugeuzwa wanakauka kwa siku moja ya jua kali, maana upepo unapita chini na juu. Kwenye mchanga nao wanakauka, ila mchanga unaondoka nao. Mwezi Aprili, mvua ikinyesha mchana, mzigo wa mchangani unageuka chakula cha kuku papo hapo. Wa chanja unaweza kufunikwa kwa turubai na kusubiri.

Kule Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, ambako magunia yanaondoka kwenda Kongo, Rwanda, Burundi na Zambia, mnunuzi mzoefu anavunja dagaa mmoja kwa vidole. Akikatika kwa mlio, amekauka. Akikunjika, ana maji na atavunda safarini. Halafu anachota konzi moja, anaitia kwenye bakuli la maji, anakoroga, anamwaga taratibu na kutazama kilichobaki chini. Mchanga unaojaza kijiko unapunguza bei bila mjadala. Na ukishanunua, panga magunia juu ya vichaga vya mbao, usiyaweke kwenye sakafu tupu ya saruji: gunia linanyonya unyevu kwa chini, na wadudu wa dagaa huanzia kwenye kona hiyo hiyo.